Mjusi wa Visiwa Vilivyobaki

Mashariki mwa rasi ya Iberia, katika Bahari ya Mediterania, limelala funguvisiwa la Baleari lililo chini ya Hispania, na kandokando ya visiwa vyake vikubwa viwili vya Mallorca na Menorca yametapakaa majabali na visiwa vidogo vingi, vingine havifiki hata hekta moja, ambavyo ndivyo makazi ya asili pekee duniani ya mjusi anayeitwa kitaalamu Podarcis lilfordi. Wenyeji, ambao lugha yao ni Kikatalani, humwita sargantana. Kisiwa kikubwa kuliko vyote anamoishi ni Cabrera, kusini mwa Mallorca, ambacho eneo lake halizidi kilomita za mraba 12. Vilivyobaki ni vipande vya miamba vyenye vichaka vifupi, chumvi na upepo. Mallorca yenyewe, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,600, na Menorca, yenye karibu 700, hazina hata mjusi mmoja wa spishi hii, ingawa mifupa yake ya kale imefukuliwa katika visiwa vyote viwili. Maelezo yoyote juu ya mnyama huyu hayana budi kuanzia kwenye pengo hilo, kwa sababu karibu kila jambo linalostaajabisha katika umbo na mwenendo wake linatokana na udogo wa mahali alipobakia, na baadhi ya mambo yanayowatatiza wataalamu wa mimea ya visiwa vikubwa yanatokana na kuondoka kwake.

Umbo lake likitazamwa peke yake si la ajabu. Ni mjusi wa wastani, ambaye urefu wake kutoka ncha ya pua hadi kwenye tundu la kutolea haja hufikia sentimita 8 hivi kwa dume aliyekomaa, na mkia wake, ukiwa haujawahi kukatika, huupita urefu huo kwa mbali. Wataalamu huwapima mijusi kwa namna hiyo, yaani bila mkia, kwa kuwa mkia ni kiungo kisichotegemeka: hukatika, huota upya, na ukiota tena hauwi sawa na ule wa kwanza. Mgongo umefunikwa na magamba madogo ya chembechembe, ilhali tumbo lina magamba mapana yaliyopangwa katika safu sita, na chini ya kila paja kuna mstari wa vitundu vinavyotoa nta yenye harufu, ambayo mjusi huiacha juu ya mawe kila apitapo. Wenzake huisoma nta hiyo kwa ulimi, kwani ulimi wa mjusi, unaponyooshwa na kurudishwa upesi, hukusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho katika kaakaa. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki aliyemzoea mjusi kafiri atambaaye ukutani usiku akiwinda mbu karibu na taa, afaa kuiweka picha hiyo kando, maana yule ni wa familia nyingine, ana vidole vinavyonata na macho yasiyofumba, na hufanya kazi gizani. Huyu wa Baleari ni mnyama wa mchana, ana kope, hana vidole vya kunata, na jua likijificha naye hujificha.

Rangi ndiyo iliyomfanya atafutwe na wakusanyaji wa karne mbili. Katika visiwa vingi ana mgongo wa kijani kilichofifia au wa kahawia, wenye michirizi ya rangi nyepesi inayoshuka kutoka shingoni hadi mkiani, na ubavuni madoa ya samawati yanayoonekana wazi zaidi kwa madume. Lakini katika baadhi ya visiwa, hasa vile vidogo vilivyo mbali na pwani, mijusi wote ni weusi mgongoni na wana tumbo la samawati iliyokolea, hali inayotokana na wingi wa melanini, ambayo ni rangi ileile inayoitia weusi ngozi na nywele za binadamu. Wapo waliosema kwamba weusi huo humsaidia mjusi kupata joto haraka mahali penye upepo usiokoma, na wapo waliosema kwamba weusi hauhitaji sababu yoyote ya faida, bali umeachwa tu uenee mahali ambapo hakuna adui wa kumwona mjusi mweusi juu ya jiwe jeupe na kumdaka. Maelezo ya pili yana ladha ya pekee, kwa kuwa yanauchukulia weusi kuwa alama ya ruhusa kuliko alama ya mahitaji, ingawa si lazima moja kati ya hayo mawili liondoe jingine.

Hao weusi ndio waliompa mnyama huyu nafasi katika vitabu vya sayansi. Mwaka 1874 Albert Günther, Mjerumani kwa kuzaliwa aliyefanya kazi katika British Museum jijini London, aliieleza spishi hii kwa mara ya kwanza akitumia mijusi kutoka Illa de l'Aire, kisiwa tambarare cha hekta zipatazo 30 kilicho mbele ya ncha ya kusini-mashariki ya Menorca, na akaiita kwa heshima ya Thomas Powys, Baroni wa nne wa Lilford, ambaye utaalamu wake hasa ulikuwa wa ndege. Kwa kanuni za uainishaji, mnyama anayeelezwa kwanza huwa ndiye kielelezo ambacho wengine wote hulinganishwa nacho; hivyo mjusi mweusi wa jabali moja akawa ndiye kipimo, na wale wa kijani na kahawia, walio wengi zaidi, wakaingia vitabuni kana kwamba wao ndio waliokengeuka. Baadaye kila jabali lililofikiwa na mashua ya mtaalamu lilipewa nususpishi yake, yaani tawi la spishi lenye jina la tatu, hadi majina hayo yakapita ishirini. Martin Eisentraut, aliyechapisha kitabu juu ya mijusi hii kwa Kijerumani mwaka 1949, aliona katika utitiri huo maabara ya mageuzi iliyojijenga yenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa tangu hapo umeonyesha kwamba mpasuko ulio mkubwa kweli ni mmoja, kati ya mijusi wa upande wa Menorca na wale wa upande wa Mallorca na Cabrera, na kwamba una umri wa zaidi ya miaka milioni mbili. Tofauti nyingine nyingi ni za juzijuzi, kwani vingi vya visiwa hivyo vilikuwa vilima vya nchi kavu hadi bahari ilipopanda kwa zaidi ya mita mia moja baada ya barafu kuu ya mwisho kuyeyuka.

Namna mababu wa mjusi huyu walivyofika Baleari ni sehemu ya kisa kirefu cha Mediterania yenyewe. Kati ya miaka milioni 5.96 na milioni 5.33 iliyopita, njia za maji zilizoiunganisha bahari hiyo na Atlantiki zilizibwa na miinuko ya ardhi, na kwa kuwa jua la eneo hilo huvukiza maji mengi kuliko yanayoletwa na mito, bahari ilishuka, ikaacha matabaka mazito ya chumvi na nchi kavu mahali palipokuwa na maji. Mijusi ilivuka. Kisha mlango-bahari wa Gibraltar ulipofunguka na Atlantiki ikaingia tena, walionaswa visiwani walibaki humo: upande wa Ibiza na Formentera wakawa spishi moja, Podarcis pityusensis, na upande wa Mallorca na Menorca wakawa hii inayozungumziwa. Kwa mamilioni ya miaka iliyofuata visiwa vikubwa vilikuwa na wanyama wachache na wa pekee, miongoni mwao Myotragus, mnyama mfupi wa jamii ya mbuzi ambaye macho yake yalitazama mbele badala ya pembeni, kwa kuwa hapakuwa na wa kumnyemelea nyuma. Mjusi aliishi katika ulimwengu huohuo, akijifunza, kwa maana ya vizazi na si ya mtu mmoja, kuishi bila hofu nyingi.

Binadamu walifika karibu miaka 4,500 iliyopita, na Myotragus akatoweka muda usio mrefu baada ya hapo. Mjusi alistahimili kwa muda mrefu zaidi. Kilichommaliza katika visiwa vikubwa, kwa maoni ya wengi waliolichunguza jambo hilo, ni wasafiri waliokuja ndani ya shehena za watu, hasa katika enzi ya Warumi, walioviteka visiwa hivyo mwaka 123 kabla ya Kristo: paka, wanyama wembamba wa jamii ya cheche, kanu, na nyoka wa aina kadhaa, mmoja wao akiwa nyoka mdogo mwenye asili ya Afrika Kaskazini anayekula mijusi. Hakuna mwandishi wa kale aliyeona haja ya kuandika kwamba mijusi ya Menorca inapungua. Ilitoweka bila kumbukumbu, na visiwa vidogo, ambavyo cheche hakuvifikia na mkulima hakuvitaka, vikawa hifadhi bila mtu yeyote kukusudia. Hapo ndipo tabia zake za leo zinapoanza kueleweka.

Tabia inayomshangaza kila afikaye Aire ni kutoogopa. Mtu akiketi juu ya jiwe, mijusi hujongea, hupanda viatu na mifuko, huonja vidole kwa ulimi, na mkate ukifunguliwa hukusanyika makumi kwa dakika chache. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, William Cooper na wenzake walipima umbali ambao mtu anayetembea huweza kumkaribia mjusi kabla hajakimbia, na wakakuta kwamba katika visiwa vyenye maadui wachache mjusi humwacha mtu asogee zaidi, na akikimbia hakimbii mbali wala haharakishi kuingia shimoni. Jambo kama hilo huonekana hata katika mkia. Mijusi wengi wa familia hii huweza kujikata mkia kwa hiari, misuli ikibana kwenye mpasuko uliokwisha kuandaliwa ndani ya pingili, ili adui abaki na kipande kinachorukaruka huku mwenyewe akitoroka. Lakini mkia ni ghala la mafuta, na kuupoteza kunagharimu, kwa hiyo mahali palipo na maadui wengi mjusi huuachia kwa kuguswa kidogo, na mahali palipo na maadui wachache huung'ang'ania hadi avutwe kwa nguvu. Si kwamba visiwa vidogo havina hatari kabisa: kozi hupita, shakwe hula asichokitaka mwingine, na madume makubwa ya mijusi wenyewe huwala watoto wa wengine na kuwang'ata wenzao mikia. Hatari hizo, hata hivyo, ni za aina ambayo macho na mbio fupi hutosha kuikabili.

Kisiwa kisicho na maadui hujaa. Aire ina maelfu ya mijusi kwa kila hekta, idadi ambayo ni nadra kufikiwa na mijusi wa bara, na kila mmoja wao anapaswa kula katika nchi ambayo kuanzia Juni hadi Septemba hupata mvua haba sana. Ndiyo maana uzazi wake umekuwa wa tahadhari: mayai machache, mara nyingi mawili au matatu, lakini makubwa kwa kulinganisha na mwili wa mama, ili mtoto azaliwe na umbo la kuweza kushindana. Ndiyo maana pia chakula chake kimepanuka kupita mipaka ya kawaida ya familia yake. Mijusi ya bara ya jamii hii huishi kwa wadudu. Huyu hula wadudu, na hasa sisimizi, ambao ni chakula duni kinachoachwa na wengi, lakini pia hula maua, chavua, mbochi, majani mabichi, matunda, mabaki ya chakula cha ndege wa baharini na, inapobidi, mizoga.

Hakuna mahali ambapo upanuzi huo umeonekana wazi kuliko katika uhusiano wake na mmea mmoja wa familia ya magimbi, Helicodiceros muscivorus, unaopatikana Baleari, Corsica na Sardinia, na unaojulikana katika lugha kadhaa za Ulaya kwa jina la farasi mfu. Majira ya kuchipua mmea huo hutoa jani pana la rangi ya nyama, lenye nywele, lililokunjwa likazunguka mhimili wa maua, na kutoka humo hupanda harufu ya mzoga. Wakemia waliochapisha uchunguzi wao mwaka 2002 walionyesha kwamba misombo ya salfa inayotolewa na ua hilo ni ileile inayotolewa na nyama iliyooza. Mhimili huo pia huzalisha joto, jambo lisilo la kawaida kwa mimea, na joto huisambaza harufu. Nzi wa mizoga hudanganyika, huingia hadi kwenye chumba cha chini, na hunaswa humo usiku kucha. Siku ya kwanza maua ya kike ndiyo yaliyo tayari, na nzi huyapaka chavua aliyoibeba kutoka mmea mwingine; siku ya pili maua ya kiume hutoa chavua mpya, vizuizi hunyauka, na nzi hutoka akiwa amejaa vumbi hilo, tayari kudanganywa tena.

Mjusi wa Aire aliingia katika mpango huo kwa njia tatu, na inafaa zitazamwe kwa mfuatano. Kwanza hupanda juu ya ua ili kuota joto, maana mwili wake hufanya kazi vizuri unapokaribia nyuzi 35 za Selsiasi, na asubuhi za Aprili penye upepo wa bahari joto lolote ni mali. Pili hukaa mlangoni mwa ua na kuwadaka nzi wanaokuja, wakati mwingine akiingiza kichwa ndani kuwafuata walionaswa; hapa yeye ni hasara kwa mmea, kwa kuwa anawala wachavushaji wake. Tatu, na hili ndilo lililobadilisha hesabu yote, jani linapokauka na matunda kuiva ndani yake, hulichana, huyatoa matunda na kuyameza. Valentín Pérez-Mellado wa Chuo Kikuu cha Salamanca, aliyekitembelea kisiwa hicho kwa miaka mingi, pamoja na wenzake, waliona tabia hii ya tatu ikienea: mwanzoni ni mijusi wachache tu waliofungua matunda hayo, kisha katika miaka michache ikawa ni kawaida ya kisiwa kizima. Mbegu zilizopita tumboni mwa mjusi huota kwa urahisi zaidi kuliko zilizoanguka zenyewe, na zinaangushwa huku na huko badala ya kulundikana penye mmea mama, kwa hiyo mmea nao uliongezeka mara nyingi, hata ukatanda mahali ambapo zamani ulikuwa wa kuhesabika.

Kuenea kwa tabia ndani ya miaka michache hakuwezi kuelezwa kwa mageuzi ya kurithi, ambayo huhitaji vizazi. Pérez-Mellado na Ana Pérez-Cembranos walifanya majaribio ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, wakakuta kwamba mjusi huyu, akiwekewa vipande viwili vya tunda, huelekea mara nyingi zaidi kwenye kile ambacho mwenzake yuko tayari anakila. Spishi hii haina maisha ya jamii: haina makundi ya kudumu, wala wazazi hawalei watoto. Hata hivyo msongamano wa kisiwa unafanya kila mjusi awe daima mbele ya macho ya mwingine, na ugunduzi wa mmoja, kama vile namna ya kulichana jani lililokauka, haukai siri hata saa moja. Ni halali kusema kwamba msongamano huo umefanya kazi ambayo kwa wanyama wengine hufanywa na malezi. Na ni halali pia kutahadhari usilichukulie neno kujifunza kwa uzito zaidi ya unaostahili, kwa kuwa mjusi anayemfuata mwenzake kwenye chakula huenda anafuata ishara ya chakula tu, bila nia ya kuiga.

Matendo hayo ya Aire si kisa cha pekee, bali ni sehemu iliyoonekana vizuri ya kazi kubwa zaidi. Anna Traveset wa taasisi ya IMEDEA ya Mallorca, pamoja na wenzake, ametumia miongo kadhaa akifuatilia nini hasa mjusi huyu hufanya kwa mimea ya Baleari. Kisiwani Cabrera, Euphorbia dendroides, kichaka cha jamii moja na mnyaa wa kwetu, hutembelewa na mijusi wanaolamba mbochi wake na kuondoka na chavua kidevuni, kwa hiyo mjusi huwa mchavushaji pamoja na nyuki na nzi. Uchavushaji unaofanywa na mijusi ni nadra sana barani. Visiwani, ambako wadudu ni wachache na mijusi ni wengi, si jambo la kushangaza tena. Cneorum tricoccon, kichaka cha kale cha Mediterania ya magharibi, husambaziwa mbegu na mijusi katika visiwa vidogo. Mallorca, ambako mijusi imetoweka, kazi hiyo imechukuliwa na kanu na mnyama mmoja wa jamii ya cheche, wote wakiwa wageni walioletwa na watu. Warithi hao hutembea mbali zaidi na kupanda milimani, na kichaka kimewafuata hadi mahali pa juu ambako mjusi hakuwa akikipeleka. Kwa hiyo mmea huo umeokolewa na jamii ileile ya wanyama iliyommaliza msambazaji wake wa kwanza.

Daphne rodriguezii haikupata bahati hiyo. Hiki ni kichaka kifupi chenye matunda mekundu, kinachoota pwani ya Menorca na kwenye visiwa vidogo vilivyo jirani, na hakipatikani mahali pengine duniani. Anayemeza matunda yake na kuangusha mbegu zake ni Podarcis lilfordi, na katika Menorca hapana hata mmoja. Traveset na Núria Riera, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2005, walilinganisha vichaka vya Menorca na vile vya Illa d'en Colom, kisiwa kidogo kilicho karibu kabisa na pwani ambamo mjusi bado yupo, wakakuta kwamba kwenye kisiwa kidogo miche michanga ni mingi na huota chini ya vichaka vya aina nyingine vinavyoitia kivuli, ilhali Menorca miche ni michache mno na iliyopo huota chini ya mama yake, ambako haina nafasi ya kukua. Vichaka vya Menorca huchanua na huzaa. Kinachokosekana ni mdomo wa kuyabeba matunda. Kwa kuwa kichaka huishi miaka mingi, pengo la namna hii huweza kufichika kwa muda mrefu nyuma ya mandhari inayoonekana kuwa nzima, na hapa ndipo hesabu za kawaida za uhifadhi, zinazohesabu spishi moja baada ya nyingine, zinapopungukiwa: Baleari haijampoteza Podarcis lilfordi, kwa kuwa bado yupo kwa maelfu, lakini Menorca imeipoteza kazi aliyokuwa akiifanya, na kazi hiyo haina jina katika orodha yoyote ya viumbe vilivyo hatarini.

Mjusi mwenyewe yumo katika orodha hizo, akiwekwa katika daraja la walio hatarini kutoweka, licha ya wingi wake. Sababu ni kwamba wingi huo umegawanyika katika vipande ambavyo kila kimoja kinaweza kufutika kwa tukio moja. Tukio la namna hiyo lilikwisha kutokea. Katika bandari ya Mahón, Menorca, palikuwa na jabali lililoitwa Ratas, lenye nususpishi yake iliyoelezwa na wataalamu katika miaka ya 1920. Katika miaka ya 1930 jabali hilo liliondolewa kwa baruti ili kupanua njia ya meli, na mijusi wake wakaondoka nalo. Kuna spishi zilizotoweka kwa kuwindwa, kwa kukatiwa misitu au kwa magonjwa, lakini ni chache ambazo tawi lake zima lilitoweka kwa sababu nchi yake yenyewe ilivunjwa ndani ya kazi za ujenzi wa bandari.

Hatari ya sasa ina sura nyingine. Tangu mwanzoni mwa karne hii, mizeituni ya zamani imekuwa ikisafirishwa kutoka bara la Hispania kwenda kupamba bustani za nyumba na hoteli za Baleari, na ndani ya mashimo ya mashina yake wamekuja nyoka pamoja na mayai yao, hasa Hemorrhois hippocrepis, nyoka mrefu mwepesi asiye na sumu. Ibiza, ambayo haikuwa na nyoka kabisa, ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo Podarcis pityusensis, ndugu wa karibu wa mjusi wa Aire, ametoweka katika sehemu kubwa ya kisiwa hicho. Nyoka huyo yupo Mallorca pia, na anaogelea. Mita mia kadhaa za maji ambazo kwa miaka elfu mbili zilitosha kumzuia cheche hazimzuii yeye, na mjusi aliyezoea kukaribia kila kinachosogea ndiye windo lake rahisi kuliko yote. Huko Ibiza mamlaka hutega masanduku yenye panya hai kama chambo na kukamata nyoka kwa maelfu. Katika visiwa vidogo vinavyozunguka Mallorca na Menorca, ambako kutega kila jabali hakuwezekani, ulinzi unategemea zaidi ukaguzi wa shehena bandarini na katika vitalu vya miti, yaani maamuzi ya watu ambao wengi wao hawatawahi kufika Aire, kuhusu bei ya mzeituni wenye shina la kupendeza.